Chunusi au rosasia? Dawa ipi kwa uso upi, kwa sisi wa Malindi

Mama mmoja anayekaanga bajia na viazi karai karibu na stendi ya matatu aliingia dukani kwetu na tyubu ya benzoili peroksaidi ya asilimia 10, imebaki nusu. "Mwanangu, dawa hii ya chunusi yaniunguza uso kama pilipili, na chunusi zenyewe haziondoki." Nikamwomba asogee mlangoni penye mwanga. Mashavuni na puani alikuwa na vipele vidogo, vingine vina usaha nchani, na ngozi ya katikati ya uso ilikuwa imeiva rangi ya zambarau kuliko shingo yake. Nilitafuta vichwa vyeusi puani, sikuona hata kimoja. Nikaweka mgongo wa mkono wangu shavuni kwake, nikakuta joto. Umri wake miaka 43. Nikamwambia aiweke kando tyubu ile na aende hospitali akaonwe, kwa sababu nilichokiona hakikuwa chunusi. Daktari alipomwona akasema ni rosasia, ugonjwa wa ngozi ya uso unaofanana na chunusi.

Huu ni mwaka wa kumi na moja nasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Malindi. Waitaliano wanaoishi mjini huingia wakiitaja rosasia kwa jina, maana kwenye ngozi nyeupe wekundu hauna pa kujificha. Wenyeji huingia wakisema chunusi. Picha nyingi za ugonjwa huu zimekuwa za nyuso nyeupe, basi tukadhani hautuhusu, na kumbe hutupata, ila kwetu huchelewa kujulikana. Wanaopoteza pesa na ngozi zao kwa kupaka dawa ya ugonjwa mwingine ni wengi, nami inaniuma kila ninapomwona mmoja.

Utazame uso kwanza

Chunusi huanzia ndani ya kitundu cha kinyweleo. Mafuta ya ngozi huzidi, hasa wakati wa balehe, seli zilizokufa huziba mdomo wa kitundu, bakteria waliozoea kuishi humo huzaana, kisha pakavimba. Kwa hiyo kwenye chunusi utakuta vile vichwa vyeusi na vyeupe, usoni na mara nyingi kifuani na mgongoni pia.

Rosasia haina vichwa hivyo. Hukaa katikati ya uso: mashavu, pua, kidevu, paji. Mara nyingi huanza baada ya miaka 30, na huwaka kwa vichochezi: jua la saa saba, moto wa jiko, chai inayofuka, pilipili, pombe, hata hasira. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usiutegemee. Jiulize kama uso unachoma au kudunga, kama una joto, kama katikati pamekuwa na hudhurungi au zambarau, kama sabuni na mafuta uliyozoea sasa yanauma. Na macho: yakiwa makavu, yanawasha kama yameingia mchanga, huenda ni rosasia hiyohiyo imefika huko. Hapo usinunue kitu kwangu, nenda ukaonwe macho.

Kuna la tatu linalotuchanganya pwani kwa sababu ya jasho. Vipele vidogo vya kimo kimoja vinavyowasha, vimepanga safu kwenye paji chini ya mtandio au mgongoni, vinaweza kuwa vya fangasi. Hivyo hutakiwa dawa za fangasi kama ketokonazoli, na dawa zote nitakazozieleza hapa chini hazivihusu.

Benzoili peroksaidi na adapaleni

Kwa chunusi, hizi ndizo mbili ninazozitoa zaidi, na watu huziona kama zinashindana. Kila moja ina kazi yake.

Benzoili peroksaidi huua bakteria, na hadi leo bakteria hao hawajajifunza kuishinda, tofauti na antibiotiki. Inafaa pale vipele vimevimba na vina usaha. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki chache. Kosa kubwa ni kukimbilia asilimia 10 kwa kudhani ndiyo kali ya kweli. Ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ile, na haiunguzi sana kama ile. Kwa ngozi nyeusi hilo si jambo dogo, maana kila palipoungua hubaki doa jeusi la miezi, na madoa hayo ndiyo yanayowaliza watu kuliko chunusi zenyewe.

Halafu inachuja rangi ya nguo. Msichana mmoja wa chuo alinionyesha mtandio wake mweusi wa pamba: ukingo wote unaopita chini ya kidevu umegeuka rangi ya kutu, kama umelowa maji ya misumari. Foronya yake ya buluu nayo ilikuwa na duara jeupe pale anapolaza shavu. Ukiichagua dawa hii, ipake usiku, lalia kitambaa cheupe, au ipake asubuhi uisubiri ikauke kabisa kabla ya kujifunga. Leso unayoipenda usiifutie uso.

Adapaleni ni ya jamii ya retinoidi, dawa za ukoo wa vitamini A. Hii hufungua vitundu na kuzuia visizibe tena, kwa hiyo huvikata vichwa vyeusi na vyeupe kwenye chanzo. Jeli ya asilimia 0.1 inatosha wengi. Hupakwa usiku tu, kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima, kwenye ngozi kavu, uso wote na si juu ya kipele kimoja kimoja. Ubaya wake ni subira inayoitaka: wiki 8 hadi 12, na wiki za mwanzo ngozi hukauka, hubanduka, na chunusi zinaweza kuzidi. Wengi huiacha wiki ya tatu, wakaniambia haifai. Anayeanza namshauri apake usiku mmoja na kuruka mmoja, na akipaka mafuta mepesi ya uso kabla yake hajaharibu kitu.

Mjamzito asiitumie, wala anayetafuta mimba. Na usidhani ni sawa na tretinoini kwa sababu tu ni jamaa moja. Tretinoini ni ya zamani zaidi, huunguza zaidi, huharibiwa na mwanga, na aina zake nyingi huharibiwa na benzoili peroksaidi zikipakwa pamoja. Adapaleni hustahimili vyote viwili, na ndiyo sababu kuna tyubu zinazouzwa zikiwa na adapaleni na benzoili peroksaidi humohumo. Mtu mwenye vichwa vyeusi na vipele vya usaha kwa pamoja, hiyo ndiyo ningempa kwanza.

Klindamaisini ya kupaka, asilimia 1, watu huipenda kwa sababu haiumi. Mimi siitoi peke yake. Ni antibiotiki, na ikipakwa pekee bakteria huizoea. Ikitumika, iende na benzoili peroksaidi, kwa muda tu.

Metronidazoli au ivamektini kwa rosasia

Dawa za chunusi nilizozitaja, kwenye uso wa rosasia ni kumwagia chumvi kidonda. (Ipo benzoili peroksaidi iliyofungwa ndani ya vijichembe vya silika iliyokubaliwa Marekani mwaka 2022 kwa rosasia, lakini si hizi tyubu tulizonazo rafuni.) Kwa rosasia yenye vipele kuna tatu za kuzingatia, nazo ni metronidazoli, ivamektini na asidi ya azelaiki.

Metronidazoli mnaijua kwa vidonge vya kuhara na amiba. Kwa uso huwa jeli au krimu ya asilimia 0.75, mara mbili kwa siku. Ni pole, ngozi inayochoma huikubali, na kati ya hizi ndiyo ya bei nafuu kwetu. Wiki 8 au 9 ndipo unaweza kuihukumu. Usiponde vidonge ukavichanganya na mafuta, nimeshaona mtu aliyefanya hivyo akarudi na uso umechubuka.

Ivamektini ya kupaka, asilimia 1, hupakwa mara moja tu kwa siku. Hupunguza uvimbe, na huua vidudu vidogo mno vinavyoitwa Demodeksi, ambavyo kila mtu mzima anavyo usoni ila wenye rosasia mara nyingi huwa navyo vingi. Katika utafiti mmoja wa wiki 16 uliohusisha watu 962, waliotumia ivamektini walipungukiwa vipele kwa asilimia 83, na waliotumia metronidazoli kwa asilimia 73.7. Kwa hiyo kwa nguvu, ivamektini iko mbele. Kwa mfuko, metronidazoli iko mbele, na tena ivamektini ya uso mara nyingi hulazimu tuiagize Mombasa, mtu asubiri. Nikiona vipele vingi na mtu anamudu, namwambia asubiri. Vikiwa vichache, metronidazoli inatosha kuanzia.

Hapa nasema kwa msisitizo, kwa sababu ivamektini inauzwa pia maduka ya mifugo kwa mbuzi na ng'ombe: ile si ya uso wako. Kipimo chake ni cha mnyama, na vimiminika vilivyomo havikutengenezewa ngozi ya binadamu. Dawa hii ni ya heshima, waliogundua jamii yake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walishirikiana tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2015. Heshima hiyo haiigeuzi chupa ya mbuzi kuwa krimu.

Metronidazoli na ivamektini, zote mbili hupunguza vipele. Ule mwako unaopanda ghafla na mishipa midogo inayoonekana hazivifanyii kitu kikubwa. Ipo jeli ya brimonidini inayobana mishipa kwa saa kadhaa, lakini ikiisha nguvu baadhi ya watu huwaka kuliko mwanzo. Na kwa chunusi halisi, usitarajie metronidazoli ikusaidie.

Azelaiki, yenye miguu pande zote mbili

Kama ningeambiwa nibakishe dawa moja ya kupaka rafuni kwa ajili ya watu wa pwani, ningebakisha asidi ya azelaiki. Kwa chunusi ipo krimu ya asilimia 20, kwa rosasia jeli ya asilimia 15, hupakwa mara mbili kwa siku. Hupunguza bakteria, hutuliza uvimbe, huzuia vitundu visizibe, na juu ya yote hupunguza yale madoa meusi bila kuichubua ngozi nzima. Asiye na uhakika kama ana hili au lile, hii haitamdhuru akisubiri kuonana na daktari.

Mjamzito anaweza kuitumia. Hilo peke yake limewaokoa wengi, maana mimba huwatoa watu chunusi ambazo hawakuwa nazo usichanani, na dawa nyingine kadhaa, kama adapaleni na doksisaiklini, zimefungwa kwao.

Ina mawili ya kuvumilia. La kwanza, huwasha na kudunga wiki za mwanzo, dakika kumi au ishirini baada ya kupaka, kisha hutulia. La pili, haina haraka: miezi mitatu kwa vipele, na madoa huchukua zaidi. Ukilinganisha na adapaleni kwa vichwa vyeusi, adapaleni inaishinda. Ukilinganisha kwa madoa na kwa ngozi inayochoma, azelaiki inaishinda.

Doksisaiklini, daku na jua

Ikiwa za kupaka hazitoshi, daktari huandika vidonge, na cha kwanza huwa doksisaiklini. Hufaa chunusi zilizovimba na rosasia yenye vipele. Kwa rosasia kuna ya miligramu 40 inayotoka polepole, kipimo kidogo kinachotuliza uvimbe bila kuwashambulia bakteria. Tuliyonayo kwa kawaida ni ya miligramu 100. Kwa chunusi haitakiwi ivuke miezi mitatu bila daktari kuangalia upya, na lazima iende pamoja na dawa ya kupaka. Asitumie mjamzito, wala mtoto wa chini ya miaka 8.

Kijana mmoja alikuja siku ya nne ya Ramadhani akishika kifua. Futari ilimshinda, tende moja ikishuka anahisi kisu. Nikamuuliza ameinywa vipi doksisaiklini yake. Wakati wa daku, kwa funda moja la maji, kisha akarudi kulala. Kidonge kilikuwa kimekwama njiani na kuuchoma umio. Dawa hii yataka bilauri nzima ya maji na mtu akae wima nusu saa au zaidi. Nilimpeleka kwanza kwa daktari. Aliporuhusiwa kuendelea nikamwambia ainywe baada ya futari, kabla ya kwenda msikitini, maana anayesimama tarawehe hana wasiwasi wa kukwama kidonge. Asiimeze pamoja na vidonge vya damu vyenye chuma wala dawa za kiungulia, na chai ya maziwa nayo aiache isogee mbele kidogo.

La jua ni zito zaidi hapa kuliko Limuru kwenye baridi. Doksisaiklini huifanya ngozi iungue upesi, na wavuvi na vijana wa ufukweni hawana kivuli. Kwao mimi humwomba daktari afikirie njia nyingine, au tukubaliane kofia pana ya ukili na sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, ya kipimo cha SPF 30 kwenda juu. Sanskrini yenye zinki ndiyo huvumiliwa na uso wa rosasia. Anayedhani mtu mweusi haihitaji, ajue kwamba jua huwasha rosasia na huyakoleza madoa ya chunusi.

Isotretinoini ni ya daktari wa ngozi, na hapa Malindi wengi humfuata Mombasa. Ilikubaliwa Marekani mwaka 1982, na kwa chunusi kubwa za mavimbe zinazoacha makovu hakuna inayoifikia. Hunywewa miezi kadhaa mpaka jumla ifike kiasi cha miligramu 120 hadi 150 kwa kila kilo ya mwili, yaani mtu wa kilo 60 hufikia 7,200 hadi 9,000. Hukausha midomo mpaka ikapasuka, na hutaka kupimwa damu kwa ajili ya ini na mafuta. Huharibu vibaya mtoto aliye tumboni. Mwanamke hupimwa mimba kabla, na huzuia mimba kuanzia mwezi mmoja kabla hadi mwezi mmoja baada ya kumaliza. Isinywewe pamoja na doksisaiklini, kwa sababu mbili hizo zikikutana zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya kichwa. Dada, ukiuziwa bila maswali hayo, irudishe.

Kopo lisilo na lebo

Hili ni langu. Nilipokuwa na miaka 22, wiki tatu kabla ya harusi yangu, nilinunua krimu ya kuchanganya kwenye kopo jeupe lisilo na maandishi. Siku ya tano uso ulikuwa laini kama wa mtoto, na wanawake waliokuja kunisinga kwa singo walinisifu. Miezi minne baadaye nikiikosa siku mbili uso unawaka, vipele vya usaha vinazunguka mdomo, ngozi imekuwa nyembamba hadi upepo wa bahari unauma. Ndani ya makopo hayo mara nyingi huwa na steroidi kali kama klobetasoli, na wengine huongeza haidrokwinoni au zebaki za kung'arisha ngozi. Steroidi huzima uvimbe kwa siku chache, kisha yenyewe huzaa chunusi na hali inayofanana kabisa na rosasia.

Hazimo kwenye ulinganisho huu kama chaguo. Nimezitaja kwa sababu zinaleta wagonjwa wengi mlangoni kwetu, na dawa ya mtu huyo huanza kwa kuacha, mara nyingine kwa kupunguza polepole chini ya daktari. Uso utalipuka kwa wiki kadhaa. Mimi nilikaa ndani karibu mwezi mzima, nikapona kwa metronidazoli na subira. Limau na dawa ya meno nazo ziache, limau ukilipaka kisha ukatoka juani linaunguza ngozi hasa. Liwa la nyumbani sina ugomvi nalo kwa anayelivumilia, lakini si dawa. Mafuta ya nazi, kwa uso wenye chunusi, yapake nywele.

Yule mama wa bajia aliandikiwa metronidazoli. Pia alihamisha karai, sasa anakaa upande unaotoka upepo, na chai yake anaiacha ipoe. Alirudi wiki ya tisa. Nikamwekea tena mgongo wa mkono shavuni, lilikuwa baridi kama langu. Akaomba tyubu ya pili, na safari hii alikuja na bintiye wa miaka 16, pua imejaa vichwa vyeusi: "Mpe naye hii hii, imenifaa." Nikamwambia tyubu hiyo ni yake peke yake. Binti nilimpa adapaleni, nikamwandikia nyuma ya boksi: usiku tu, punje ya mbaazi, leo paka kesho ruka, tuonane baada ya wiki 12.